Wastani wa jinsia ni 1.55? Aina za vigeu, na mchoro unaofaa kila aina

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Nimechukua taarifa za wanachama 20 walioleta maziwa kituoni asubuhi moja: namba ya uanachama, jinsia (1 mwanamume, 2 mwanamke), kijiji, idadi ya ng'ombe wanaokamuliwa, lita, saa ya kufika, usomaji wa laktomita (chombo cha kupima uzito wa maziwa), majibu ya kipimo cha spiriti (maziwa huchanganywa na spiriti kuona kama yatakatika), na kuridhika na huduma kuanzia 1 hadi 5. Nimeingiza kwenye Excel, nikatafuta wastani wa kila safu na kuchora chati za duara. Mwenyekiti akaniuliza "wastani wa jinsia 1.55" ndiyo nini, nikakosa jibu. Chati ya lita nayo ina vipande 20, haisomeki. Nitajuaje safu ipi ina wastani na ipi haina, na nichore nini?

Jibu: Ndugu katibu, Excel haijui jinsia ni nini wala lita ni nini. Ikikuta 1 na 2 inajumlisha, inagawanya, inakurudishia jibu. Na hesabu yenyewe iko sawa: wanaume 9 mara 1, wanawake 11 mara 2, jumla 31, gawanya kwa 20, ni 1.55. Kilichokosewa ni kuipa alama kazi ya kiasi. Mahali pa 1 na 2 ungeweza kuandika M na K, au kupaka rangi mbili, na taarifa isingepungua hata chembe.

Kila safu ya daftari lako ni kigeu (wapo wanaosema kibadilika), yaani jambo linaloweza kuwa hivi kwa mwanachama huyu na vile kwa yule. Kila mstari ni mwanachama mmoja. Aina ya kigeu ndiyo inayoamua hesabu gani inaruhusiwa na mchoro gani unafaa, kwa hiyo maswali yako mawili ni swali moja. Na aina hiyo huitambui kwa kuangalia kama kilichoandikwa ni namba au maneno. Zichezee hizo namba, uone kitaharibika nini.

Alama tupu

Geuza 1 iwe 2 na 2 iwe 1 kwenye jinsia. Hakuna kilichoharibika, ilimradi na ufunguo wa alama umeubadili. Hicho ni kigeu cha majina. Kijiji ni hivyo hivyo, na majibu ya kipimo cha spiriti (yamekatika, hayakukatika) pia. Namba ya uanachama nayo imo humu, ingawa ina sura ya namba kuliko zote. Kule Kenya kaunti zina namba, Mombasa 001 na Nairobi 047. Hakuna anayesema Nairobi ni Mombasa 47.

Kwa kigeu cha majina unahesabu wangapi wako kila kundi, unatoa asilimia, unataja kundi lenye watu wengi zaidi. Basi.

Kuna mlango mmoja wa pembeni ambao ni vizuri uujue. Ukiandika mwanamume 0 na mwanamke 1, wastani unakuwa 0.55, na hiyo ina maana kamili: wanawake ni asilimia 55 ya waliokuja. Hakuna uchawi hapo. Ukijumlisha sifuri na moja unakuwa unahesabu wanawake. Kwa hiyo jambo lolote lenye majibu mawili tu liandike 0 na 1, wala si 1 na 2. Spiriti: hayakukatika 0, yamekatika 1.

Tahadhari ya kibodi: Excel ikidhani namba ya uanachama ni kiasi, 007 itakuwa 7, na namba za simu zitapoteza sifuri ya mbele. Iambie safu hiyo ni maandishi kabla ya kuanza kuandika. Ukishaandika kwanza ndipo ukabadilisha, sifuri zilizoanguka hazirudi.

Ngazi

Kuridhika kuanzia 1 (sijaridhika kabisa) hadi 5 (nimeridhika sana) si alama tupu. Ukigeuza 1 iwe 4, umeharibu mpangilio. Lakini jaribu hili: mahali pa 1, 2, 3, 4, 5 weka 1, 2, 3, 10, 50. Mpangilio uko pale pale, aliyeridhika zaidi bado yuko juu, na hakuna mwanachama anayeweza kukushitaki, kwa sababu hakuna aliyekuambia kwamba hatua ya kutoka 1 hadi 2 ni sawa na ya kutoka 4 hadi 5. Hicho ni kigeu cha ngazi. Kiwango cha elimu, ukubwa wa nguo (S, M, L) na madaraja ya mtihani ni ndugu zake.

Majibu yako yalikuwa hivi: watu 3 walisema 1, watu 2 walisema 2, mtu 1 alisema 3, watu 9 walisema 4, watu 5 walisema 5. Wastani ni 3.55. Ukimsomea mwenyekiti "3.55" ataelewa kwamba wanachama wako katikati, si haba. Sasa rudi kwenye majibu: katikati kuna mtu mmoja tu. Watu 14 wameridhika, watu 5 hawajaridhika, na 3 kati ya hao 5 wamekasirika kabisa. Wastani umewachukua watu wa pande mbili ukawakutanisha mahali ambapo hakuna mtu.

Kwa ngazi, tumia namba ya katikati: panga majibu yote 20 kutoka dogo hadi kubwa, chukua la 10 na la 11. Hapa yote mawili ni 4. Kisha toa hesabu ya kila ngazi. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama wastani wa majibu ya 1 hadi 5 ni halali. Ugawaji wenyewe wa aina nne, majina, ngazi, vipimo visivyo na sifuri halisi na vipimo vyenye sifuri halisi, ulitolewa na mwanasaikolojia Mmarekani S. S. Stevens mwaka 1946, na tangu hapo wapo wanaousifu na wapo wanaouona mkali mno. Kwa ripoti ya kikundi msimamo wangu ni mwepesi: ukitaka kuutaja wastani utaje, ila usiutoe peke yake bila mgawanyo wa majibu.

Saa, laktomita, na suala la sifuri

Safu zilizobaki ni za namba zenye uzito wa namba. Zinagawanyika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuhesabu au kupima. Ng'ombe wanahesabika: 1, 2, 3, hakuna ng'ombe 2 na robo. Lita zinapimwa: kati ya lita 6 na lita 7 kuna 6.2, 6.25, kadiri chombo chako kinavyoweza kusoma. Wewe umeandika lita nzima nzima, lakini hilo ni suala la kukadiria tu. Maziwa yenyewe hayaruki kutoka 6 hadi 7.

Njia ya pili ndiyo inayowapotosha hata waliosoma: je, sifuri yake ni "hakuna kitu", au ni mahali tu palipochaguliwa? Lita 0 ni kutokuwa na maziwa, kwa hiyo lita 10 ni mara mbili ya lita 5, na kauli hiyo inabaki kweli hata ukipima kwa madumu. Joto la sentigredi si hivyo. Nyuzi 20 si joto mara mbili ya nyuzi 10. Ziandike kwa Fahrenheit zinakuwa 68 na 50, na ule "mara mbili" umeyeyuka.

Laktomita inadanganya kwa namna hiyo hiyo. Usomaji wa 30 ni kifupi cha gramu 1.030 kwa mililita, na sifuri yake imewekwa kwenye maji. Kinachosoma 30 si kizito mara mbili ya kinachosoma 15, ni 1.030 dhidi ya 1.015, tofauti haifiki asilimia 2. Kutoa na kujumlisha ruksa, wastani ruksa, ila kusema "mara mbili" ni marufuku. Na usomaji wote uchukuliwe kwenye joto lile lile lililoandikwa kwenye laktomita yenyewe. La sivyo unalinganisha joto la maziwa huku ukidhani unalinganisha uzito wake.

Mfano mzuri kuliko wote tunao mkononi, kwenye saa zetu. Sisi tunaanza kuhesabu alfajiri, wenzetu wanaanza usiku wa manane. Saa moja asubuhi kwao ni saa 7, saa mbili ni 8. Kwetu 2 ni mara mbili ya 1. Kwao 8 si mara mbili ya 7. Na jua ni lile lile. Tofauti ya saa nzima ndiyo inayobaki pande zote mbili. Saa ya siku ni kipimo kisicho na sifuri halisi.

Hili lina gharama kwenye daftari lako. Wanachama watatu wamefika saa 12:45, saa 1:15 na saa 1:30 asubuhi. Ukiandika hivyo hivyo, Excel inasoma 12:45 kama mchana, inamweka wa kwanza kuwa wa mwisho, na wastani wake ni 5:10. Kwetu hiyo ni saa tano na dakika kumi, wakati ambapo gari la maziwa limeshaondoka zamani. Sahihisha kabla ya kuingiza: zinazoanza na 12 ondoa saa 6, nyingine za asubuhi ongeza saa 6. Utapata 06:45, 07:15 na 07:30, wastani 07:10, yaani saa moja na dakika kumi, jambo linaloingia akilini.

Ukitaka bora zaidi, badili saa kuwa dakika tangu kituo kifunguliwe. Kama mlifungua saa 12:30, hao watatu ni dakika 15, 45 na 60. Sasa sifuri ina maana, na unaweza kusema wa tatu amefika baada ya muda mara nne ya wa kwanza.

Safu ya lita

Ziandike upya kwa mpangilio kutoka ndogo hadi kubwa. Hatua hii ya dakika tatu inafichua mengi kuliko chati:

4, 5, 5, 6, 6, 6, 7, 7, 8, 8, 8, 9, 9, 10, 11, 12, 14, 15, 22, 48

Jumla ni 220, wastani 11. Namba ya katikati, ya 10 na ya 11, ni 8. Kwa nini zimeachana hivyo? Hesabu waliopata chini ya 11: ni 14 kati ya 20. Ukitangaza "mwanachama wa kawaida analeta lita 11", watu 14 watajiona wako nyuma, kumbe wao ndio wa kawaida. Ile 48 peke yake imevuta wastani kutoka karibu 9 (172 gawanya kwa 19) hadi 11, na namba ya katikati haikushtuka. Penye wakubwa wachache wanaovuta upande mmoja, kama ilivyo kwenye kipato, mashamba na mifugo, toa namba ya katikati kwanza, wastani uufuatishe.

Hiyo 48 usiifute, wala usiikubali kwa kuwa imeandikwa. Inaweza kuwa 4.8 iliyopoteza nukta. Kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Kifaransa kinachotumika ni mkato, na anayehamisha faili hupoteza desimali hivi hivi. Angalia safu ya jirani: mwanachama huyo ana ng'ombe 6 wanaokamuliwa, lita 8 kwa kila mmoja. Inawezekana. Hata hivyo fungua kitabu cha mapokezi uione kwa macho. Angekuwa na ng'ombe mmoja, ningesema ni kosa kabla ya kufungua kitabu.

Kwa watu 20, mchoro wa kwanza hauhitaji kompyuta. Unaitwa shina na majani: kushoto makumi, kulia mamoja.

0 | 4 5 5 6 6 6 7 7 8 8 8 9 9
1 | 0 1 2 4 5
2 | 2
3 |
4 | 8

Uzuri wake ni kwamba hakuna namba iliyopotea. Umbo unaliona, na kila lita bado inasomeka. Shina la 3 liache hata kama halina jani. Ukiliruka, 48 inasogea karibu na 22 na mchoro unasema uongo. Majani yapangwe kwa nafasi sawa, vinginevyo urefu wa mstari hauna maana.

Watu wakifika 60 au 200, majani yanajaa, unahamia kwenye histogramu, yaani nguzo zinazoonyesha wangapi wako kila kundi la namba. Gawa lita katika makundi ya upana sawa: kuanzia 0 hadi chini ya 5 yuko 1, 5 hadi chini ya 10 wako 12, 10 hadi chini ya 15 wako 4, 15 hadi chini ya 20 yuko 1, 20 hadi chini ya 25 yuko 1, kisha makundi manne matupu, halafu 45 hadi chini ya 50 yuko 1. Jumla 20. Maneno "hadi chini ya" si mbwembwe. Ukiandika 5–10 na 10–15, mwenye lita 10 unamweka wapi? Histogramu iliyomo ndani ya Excel tangu toleo la 2016 humweka wa mpakani kwenye kundi la chini, ndiyo maana kwake, ukiiwekea mipaka hii hii, makundi matatu ya mwanzo yatasoma 3, 11 na 4 badala ya 1, 12 na 4. Hakuna aliyekosea, ila chagua kanuni moja na uiandike chini ya mchoro.

Upana wa kundi ni uamuzi wako, na mchoro unaubeba. Makundi ya lita 25 yatakupa nguzo mbili tu, 19 na 1, usione lolote. Makundi ya lita 1 yatakupa msumeno. Jaribu upana mara mbili tatu; kinachobaki kuonekana kila mara ndicho cha kukiamini. Kosa kubwa zaidi ni kuunganisha mkia, mathalani kundi la mwisho "20 hadi 50" lenye watu 2, halafu ukalichora kwa urefu wa 2. Kwenye histogramu jicho linasoma eneo. Kundi lenye upana wa lita 30 likiinuka hadi 2 linachukua eneo la 60, sawasawa na nguzo ya watu 12 yenye upana wa 5. Watu wawili wamekuwa kumi na wawili! Ama makundi yabaki sawa, ama urefu uwe idadi gawanya kwa upana.

Nguzo za histogramu zinagusana kwa sababu lita zinaendelea bila kukatika. Mihimili ya vijiji (nguzo moja kwa kila kijiji) inaachana kwa sababu kati ya kijiji na kijiji hakuna kitu. Na ng'ombe? Wanahesabika, kwa hiyo mihimili membamba yenye nafasi: wenye 1 ni watu 7, wenye 2 ni 8, wenye 3 ni 3, mwenye 4 ni 1, mwenye 6 ni 1. Nafasi ya 5 iache tupu kwenye mstari wa chini. Excel ikidhani hizo ni alama tupu itaruka kutoka 4 kwenda 6 kana kwamba 5 haipo duniani.

Utakutana pia na mchoro wa boksi, ulioenezwa na Mmarekani John Tukey miaka ya 1970. Nusu ya chini ya lita zako (namba 10 za mwanzo) katikati yake ni 6. Nusu ya juu katikati yake ni 11.5. Boksi linaanzia 6 hadi 11.5, na mstari ndani yake kwenye 8. Upana wa boksi ni 5.5, zidisha kwa 1.5 upate 8.25, ongeza kwenye 11.5 upate 19.75. Kilichovuka hapo kinachorwa kama nukta ya peke yake: 22 na 48. Mkia wa juu unaishia 15, wa chini 4. Programu inaweza kukupa 11.25 mahali pa 11.5, kwa kuwa kuna njia zaidi ya moja ya kukata robo, usishtuke. Boksi moja lenyewe halina faida kubwa. Faida iko kwenye kupanga maboksi ya vijiji au ya miezi sambamba. Lakini kijiji chenye wanachama 2 usikitengenezee boksi. Weka nukta mbili.

Duara, mihimili, mstari

Chati ya duara ina umri: Mskoti William Playfair aliichapisha mwaka 1801. Inafaa jambo moja tu, sehemu za kitu kizima kimoja, na sehemu zisizidi nne au tano. Vijiji vyako vinne vyenye wanachama 8, 6, 4 na 2 vinaingia: nyuzi 144, 108, 72 na 36, jumla 360. Hata hapo mihimili ingesomeka upesi zaidi, kwani jicho hupima urefu vizuri kuliko pembe. Lita za watu 20 hazikustahili duara kabisa, maana swali lako halikuwa kila mtu ni kipande gani cha lita 220.

Kuna mahali duara linakuwa kosa la hesabu. Ukiuliza wanachama wanalisha nini, majani, pumba au mashudu, na mtu akaruhusiwa kutaja zaidi ya kimoja, asilimia zitapita 100. Kila chakula kipe safu yake ya 0 na 1, kisha uchore mihimili.

Mihimili ya vijiji ipange kwa ukubwa, si kwa alfabeti. Ya kuridhika usiipange kwa ukubwa kamwe. Ibaki 1 hadi 5, ngazi zina mpangilio wake. Mihimili yote ianzie sifuri. Jumla za siku mbili zikiwa lita 210 na 220, na wewe ukaanzia 200, mhimili wa pili unakuwa mara mbili ya wa kwanza, na wanachama watauliza maziwa ya jana yameibwa na nani.

Grafu ya mstari ni ya muda: jumla ya lita siku baada ya siku. Hiyo si lazima ianzie sifuri, kwa sababu inasomwa mwinuko wake na si urefu. Siku ambayo kituo kilifungwa acha pengo, usiushushe mstari hadi chini. Wala usiunganishe vijiji kwa mstari. Kutoka kijiji kimoja kwenda kingine hakuna kupanda wala kushuka.

Ukitaka vigeu viwili kwa pamoja, ng'ombe na lita, weka nukta: chini idadi ya ng'ombe, pembeni lita, nukta moja kwa mwanachama mmoja. Wenye ng'ombe 1 wako saba, na baadhi ya nukta zao zitalaliana. Zisogeze kidogo kushoto na kulia ili zote zionekane. Hapo ndipo lita 48 inaacha kuwa kituko.

Kwa majina mawili, jedwali la pande mbili linatosha, ila uangalie asilimia inagawanywa kwa nini. Maziwa ya watu 2 yalikatika, na wote wawili wanatoka kile kijiji chenye wanachama 4. Kauli mbili: "nusu ya wanachama wa kijiji kile maziwa yao yalikatika" na "maziwa yote yaliyokatika yametoka kijiji kile". Ya kwanza imegawanywa kwa 4, ya pili kwa 2. Zote ni kweli, lakini ya pili mkutanoni inaweza kuwasha moto kwa ushahidi wa watu wawili. Taja idadi kamili, 2 kati ya 4.

Kwenye watu 20 kila mtu ni asilimia 5, kwa hiyo "55.00%" ni kujipamba. Andika 11 kati ya 20. Na si kila kitu kinahitaji mchoro: majibu ya spiriti, 18 na 2, ni sentensi moja.

Kwa hiyo manila yako ya ukutani iwe na shina na majani ya lita, mihimili mitano ya kuridhika, na sentensi za jinsia, vijiji na spiriti. Chini yake andika tarehe, wanachama 20, na kwamba ni waliofika asubuhi hiyo tu. Ambao hawakufika hawamo, na huenda ndio ambao hawajaridhika zaidi.

Jambo la mwisho, kwa mara nyingine utakapokusanya. Lita ziandike kama zilivyo, usizikusanye kwa makundi ya "0–5" na "5–10" tangu mwanzo. Kutoka lita kwenda kundi ni rahisi, kutoka kundi kurudi kwenye lita haiwezekani. Asiyejibu usimpe 99. Jibu moja la 4 kwenye kuridhika likigeuka 99, jumla inapanda kutoka 71 hadi 166, na wastani unakuwa 8.3 kwenye kipimo kinachoishia 5. Hilo angalau linajitangaza. Sifuri haijitangazi: aliyefika bila maziwa kwa kuwa ng'ombe wake wote wamepumzishwa kukamuliwa ana lita 0, na 0 hiyo iandikwe, ambaye maziwa yake yalipimwa lakini karatasi ikalowa, nafasi yake iache wazi.